Kuhama Kireka kwenda Mbale na watoto watatu: nipeni mawazo

Mama Rehema, Kireka

Habari zenu ndugu zangu. Nina jambo linaninyima usingizi, na hapa najua wamo watu waliolipitia.

Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa 9 hapa Kireka, pembezoni mwa Kampala. Nashona gomesi (lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda), sare za shule, na kanzu pale ninapopata. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo Mombasa hadi Kampala. Yeye Mdigo wa Kwale, mimi Msamia wa Busia, kwa hiyo nyumbani lugha yetu ni Kiswahili. Watoto ni watatu: Rehema yuko P6, yaani darasa la sita, kaka yake yuko P2, na mdogo ana miaka 3.

Tunalipa kodi ya shilingi 600,000 za Uganda kwa mwezi, vyumba viwili na sebule, na mwenye nyumba ameshasema Januari itakuwa 700,000. Kodi inauma, lakini kinachoniumiza zaidi ni alfajiri. Gari la shule linatupitia saa kumi na moja kasoro robo, maana likichelewa kidogo tu foleni ya Banda inalimeza. Huyu wa P2 namvisha soksi akiwa bado usingizini. Jioni wanarudi saa moja, wanakula wakisinzia.

Na baba yao je? Lori likifika Kampala linaingia yadi, akimaliza kushusha anapigiwa simu arudi. Mwezi uliopita alifika saa nne usiku wamelala, akaondoka saa tisa usiku wamelala. Asubuhi mdogo aliona ndala za bafuni zimelowa akaniuliza, "Mama, nani alikuja?" Nilikaa kitandani nikalia.

Dada yangu ameolewa Mbale, mashariki mwa Uganda. Ananiambia kuna nyumba ya 350,000 yenye ua, watoto wanaweza kwenda shule kwa miguu. Lori la mume wangu hungoja Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, karatasi zikishughulikiwa, mara nyingine siku nzima, mara nyingine zaidi. Kutoka Malaba kupitia Tororo hadi Mbale hayazidi masaa mawili. Angeweza kumwachia taniboi, yaani utingo wake, lori, akaja kula na wanawe, akienda na akirudi.

Hofu yangu ni wateja. Miaka 9 ya wateja haifungwi kwenye gunia. Halafu Rehema mwakani ni P7. Na Kimasaaba, lugha ya huko, hatujui hata salamu. Mnanishauri nini?

Mzee wa Chini ya Wanale

Mwanangu, karibu Mbale. Nimeishi hapa tangu mji huu ukisifiwa Uganda nzima kwa usafi, nimeuona ukichakaa, na sasa ni jiji tangu 2020. Naupenda, kwa hiyo sitakudanganya.

Hiyo nyumba ya 350,000 yenye ua iko wapi? Uliza mto uko umbali gani. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika pamoja. Mvua ilikuwa imepiga huko juu mlimani, sisi wa bondeni tukaletewa maji gizani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Nilisaidia jirani kutoa matope chumbani kwake siku tatu, na ukutani palibaki mstari juu kidogo ya kiuno changu. Leo ukuta ule umepakwa rangi ya krimu na umepangishwa.

Kwa hiyo usimuulize mwenye nyumba. Waulize akina mama wanaouza nyanya kwenye kona ile, waambie unataka kuleta watoto. Watakuonyesha maji yalifika wapi. Ukipata nyumba sehemu za juu kwa 450,000, hiyo 100,000 ya ziada ni usingizi wako mvua ikinyesha.

Kuhusu lugha ondoa shaka. Mpaka wa Kenya uko karibu, sokoni utaongea Kiswahili na utajibiwa vizuri. Walioishi Kampala miaka ya nyuma wanakumbuka ukifungua mdomo kwa Kiswahili watu wanakudhania askari. Hapa haiko hivyo. Jifunze "mulembe" tu kwa kuanzia, wazee watakufurahia.

Na kazi ipo. Miaka inayogawanyika kwa mbili ni miaka ya imbalu, sherehe za tohara za huku. Familia inayotahirisha kijana inataka mama avae vizuri na baba avae kanzu. Ila mwaka wa katikati utakuwa mtulivu, panga pesa zako ukilijua hilo.

Seremala Aliyerudi

Dada Mama Rehema, mimi nilihama Kampala 2021 kwenda Masaka, nikarudi baada ya miezi 14. Mji haukuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Niliuza nafasi yangu ya karakana, nikauza randa kubwa ya umeme, nikaenda na pesa mkononi nikidhani nitaanza upya. Miezi minne ya kwanza sikupata oda ya maana hata moja. Watu walikuwa na seremala wao, waliyemjua tangu akiwa mtoto, anayewakopesha. Pesa ikaliwa na chakula. Niliporudi Kampala nafasi yangu ilikuwa na mtu mwingine, hadi leo ninalipia mahali pabaya zaidi.

Kwa hiyo nakuomba, usifunge kibanda cha Kireka. Una msichana anayekusaidia? Mwachie cherehani moja na ovaloki (mashine ya kupindia kingo), wewe beba nyingine. Na daftari lako la vipimo ndilo mali, linakili usiku huu kabla hujamwambia mtu yeyote. Mteja wa gomesi ambaye vipimo vyake unavyo hana haja ya kukuona. Achague kitambaa Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa hapa Kampala, msichana wako akipeleke kwenye basi, wewe ushone Mbale, irudi kwa basi. Sare za shule ndizo ngumu kwa njia hiyo, kwa sababu watoto wanakua na shule inataka mtu wa kumfokea hapohapo.

Miezi 6 hivyo. Ikikubali, ndipo ufunge.

Mwalimu wa P7

Madam, nitasema la Rehema tu kwa sababu ndilo kazi yangu.

Usimhamishe akiwa tayari P7. Majina ya watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hupelekwa UNEB (baraza la mitihani) mapema mwaka huo, na mtoto anafanyia mtihani kwenye kituo alikosajiliwa. Nimewahi kumpokea msichana aliyehamishwa muhula wa pili. Sisi tulimfundisha, lakini mtihani wa Novemba alirudi kuufanya alikotoka, akalala kwa ndugu asiowazoea. Alikuwa mtoto mwenye akili, matokeo yake hayakuwa yake.

Una njia mbili. Ama ahamie sasa, likizo ya Desemba, aanze P7 Februari huko Mbale akiwa na kila mtu na asajiliwe huko. Ama abaki bweni Kampala mwaka mmoja amalize. Mimi ningechagua ya kwanza, maana mtoto wa P7 anahitaji mama jioni kuliko anavyohitaji shule yenye jina. Ila nenda na ripoti zake zote, na muulize mwalimu mkuu wa huko darasa la P7 lina watoto wangapi. Akisema 120, endelea kutafuta.

Wa P2 ndiye atakayepata taabu kidogo ukimpeleka shule ya serikali, kwa sababu P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya mahali, yaani Kimasaaba. Lakini mtoto wa miaka 7 akicheza mpira na wenzake muhula mmoja, atakutafsiria wewe. Kuhusu Kiswahili, serikali ilipitisha 2022 kiwe somo la lazima, ila walimu bado hawatoshi. Watoto wako wanacho tayari. Usiache kuongea nao.

Mama Rehema, Kireka

Mungu awabariki. Nimesoma haya mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mume wangu kwenye simu, yuko Mariakani.

Mzee wangu, nimempigia dada. Amenyamaza kidogo kisha akasema ile nyumba iko hatua kama 60 kutoka Nabuyonga. Hakuwa na nia mbaya, aliona ua tu. Basi ile tumeiacha.

Ndugu seremala, pole sana kwa yaliyokupata. Daftari nimeanza kulinakili jana, nimefika mteja wa 74. Msichana wangu ninaye, ameshika gomesi kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Sijamwambia bado.

Mwalimu, nilimuuliza Rehema mwenyewe. Aliuliza jambo moja: baba atakuwa anakuja mchana au usiku? Nikamwambia mchana, inshallah. Akaenda kutoa ripoti zake kwenye sanduku.

Jumamosi napanda basi la asubuhi. Dada ameonyeshwa nyumba mbili sehemu za juu, moja 430,000 na nyingine 480,000. Huko mvua inanyesha wiki hii, na nimemwambia asiwaambie wenye nyumba siku ninayofika.