Mjadala: Redio zihesabu pasipoti ya mwimbaji, au zihesabu mdundo?

Mtoto wa Mbagala

Wakuu, salaam. Nimekuja na hoja ya siku nyingi: je, redio na televisheni zetu zibanwe kwa kanuni zipige muziki wa nyumbani kwa asilimia fulani? Kwa miaka nimekuwa upande wa ndiyo, tena kwa kelele. Leo naipinga kanuni hiyo kama wengi wanavyoisema, na kilichonigeuza ni mchana mmoja tu.

Nilikuwa kwenye studio moja huku kwetu. Studio yenyewe ni chumba cha kulala: godoro limesimamishwa ukutani lizuie mwangwi, kompyuta iko juu ya meza ya plastiki, feni imezimwa isiingie kwenye maiki, jasho linatutoka wote. Akaingia kijana wa singeli, ule muziki wetu wa kasi wa uswahilini. Nilimjua kwa sauti kabla ya sura, maana nimemsikia kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, zaidi ya kimoja. Wimbo wake ulikuwa umekamilika, mapigo 220 kwa dakika, maneno yanafukuzana, anaiba pumzi katikati ya mstari. Akamwambia prodyuza: "Kaka, nishushie hadi 112, halafu niwekee ile logi dramu, besi ya amapiano ya Wasauzi. Hii ilivyo haipigwi redioni."

Prodyuza akavuta kipanya, ngoma zikalegea. Maneno yaliyotungwa yakimbie yakaanza kuburuzika. Ikabidi kijana afute nusu ya ubeti wa pili, na alichokifuta ndicho kilichokuwa kitamu, alikuwa anamsimulia mama yake na mkopo wa kikoba. Baada ya saa mbili ukatoka wimbo mwingine kabisa, unaofanana na nyimbo mia nilizokwisha kuzisikia.

Sasa wimbo ule, kwa kanuni ya asilimia, ni muziki wa nyumbani. Mwimbaji Mtanzania, lugha Kiswahili, studio Mbagala. Redio ikiupiga inatimiza sheria, na singeli imezikwa kwa mkono wa sheria hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema: kama kanuni lazima iwepo, isihesabu pasipoti, ihesabu mitindo. Singeli, taarab, mchiriku, dansi, muziki wa zeze na ilimba wa Wagogo, kila mmoja upewe saa zake, na zisiwe saa tisa usiku.

Siwachukii Wasauzi. Kabza De Small na DJ Maphorisa nawasikiliza kila wiki. Karibuni mnipinge.

Mpenda Piano

Kaka, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu, lakini huyo kijana hakulazimishwa na mtu. Alipiga hesabu. Diamond alipotoa "Iyo" mwaka 2021 aliwaita Focalistic na Mapara A Jazz, na "Komasava" ya 2024 yumo Chley wa huko huko Sauzi. Marioo na "Bia Tamu" yake alitupa raha bara zima. Wimbo wa Kiswahili unapigwa Lusaka na Harare kwa sababu mdundo wake watu wa kule wanaujua tayari. Wewe unataka tubaki tunasikilizana wenyewe Temeke?

Hata Wanaijeria wanafanya hivyo. Grammy walipoanzisha tuzo ya wimbo bora wa Kiafrika, mwaka 2024, nyimbo tano ziliteuliwa: nne za Nigeria, moja ya Afrika Kusini. Katika hizo nne za Nigeria, Asake na Olamide waliuita wimbo wao "Amapiano" kabisa, na Davido alimchukua Musa Keys wa Sauzi. Afrika Mashariki hatukuwa na hata mmoja. Tusigombane na mlango uliokwisha kufunguka.

Mtoto wa Mbagala

Mpenda Piano, malizia basi hadithi. Nani aliichukua tuzo ile? Tyla, Msauzi mwenyewe, na "Water". Walioazima waliteuliwa, mwenye mali akaondoka nayo.

Mzee wa DDC

Wanangu, mimi nimecheza kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo nikiwa na magoti mazima. Siku hizo husemi tu unapenda dansi. Unasema wewe ni wa Msondo au wa Sikinde. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ndiyo Msondo. Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, ndiyo Sikinde, na jina hilo lilitoka kwenye ngoma ya Wazaramo: Sikinde, ngoma ya ukae, yaani ngoma ya nyumbani.

Sasa sikilizeni magitaa yao. Ni rumba. Rumba tumeipata kwa Wakongo, Wakongo waliiokota kwenye santuri za Cuba, na huko Cuba ilipelekwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa hiyo kuazima si jambo la jana. Lakini wimbo ukifika sehemu ya pili, pale magitaa yanaposukana na tarumbeta zinajibizana na watu wanainuka vitini, pale ndipo bendi inapojitambulisha. Ukiwa barabarani, hujamwona mtu, unajua nani anapiga ndani. Remmy Ongala alikuja Dar mwaka 1978 akitokea Congo, na sisi mashabiki hatukumuuliza pasipoti. Tuliuliza: mtindo wako ni upi?

Mpenda Piano, mwanangu, kuiga kwenu hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba nasikia nyimbo kumi za piano zimefuatana na simtambui mtu mpaka ataje jina lake mwenyewe pale mwanzoni.

Na wewe wa Mbagala, usisahau jambo moja. Wapigaji wetu wengi walikuwa na mshahara. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na Radio Tanzania iliwarekodi bila kuwadai chochote. Huyo kijana wa godoro ukutani nani anamlipa? Ukimpa saa moja redioni na tumbo halina kitu, atarudi tu kwenye 112.

Niko Jozi

Shikamoo mzee. Nimeishi Gauteng, jimbo la Johannesburg, miaka mingi, naomba nieleze nilichokiona, maana watu nyumbani wanadhani amapiano ilibebwa na redio. Katikati ya miaka ya 2010 vijana wa Soweto, Pretoria na Katlehong walikuwa wanatengeneza nyimbo vyumbani kama huyo wa Mbagala, wanazirusha kwa WhatsApp na kwenye tovuti za kupakulia mafaili bure. Madereva wa taksi ndio waliokuwa redio. Ulikuwa ukipanda asubuhi unasikia wimbo usio na jina, jioni umeshausikia kwenye taksi tatu. Redio kubwa zilikuja baadaye sana, zikiwa zinawafuata abiria.

Na mdundo wenyewe haukudondoka toka juu. Ndani yake kuna kwaito ya miaka ya 90, kuna house, kuna kinanda cha jazi cha wazee wao. Kila kizazi kiliweka tofali juu ya tofali. Kwa hiyo simpingi Mtoto wa Mbagala kwenye uchungu wake, nampinga kwenye dawa. Ni kweli mwaka 2016 shirika la utangazaji la SABC lilitangaza kupiga muziki wa nyumbani kwa asilimia 90 kwenye vituo vyake vyote 18, na mwaka uliofuata likarudi nyuma. Amapiano haikuzaliwa na tangazo lile. Ilizaliwa vyumbani, ikalelewa barabarani. Daladala zetu na bodaboda zina spika kubwa kuliko kituo chochote. Mkiwapata madereva, msahau redio.

Binti Kisauni

Assalam aleikum. Mimi ni wa Mombasa, na hiyo orodha ya mitindo ndiyo inayonitia hofu. Nani anaiandika? Umetaja singeli, taarab, mchiriku, dansi, Wagogo. Sijaona chakacha. Sijaona bango, ule muziki wa Mzee Ngala wenye saksafoni unaopigwa kwenye harusi zetu huku, na ambao bara hawaujui hata kwa jina. Ukishaandika orodha, aliye nje ya orodha umemzika, na aliye ndani ya orodha umemfunga kamba mguuni asisogee.

Tena hebu mfikirie Siti binti Saad. Taarab ya wakati wake ilikuwa ya majumba ya wakubwa, mizizi yake Misri, inaimbwa Kiarabu. Yeye, binti wa kijijini Unguja, akaitia Kiswahili na mambo ya mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi. Kama mwaka ule kungekuwa na afisa mwenye fomu ya mitindo ya nyumbani, angemwandika wapi? Angemwambia hiki si kitu cha kwetu, rudi.

Na vijana wa Nairobi walipotoka na "Lamba Lolo" mwaka 2018, ile gengetone, haikuwa na jina kwenye orodha ya mtu yeyote. Ilikuja kwa YouTube na matatu. Wakubwa waliichukia kweli kweli, na baadhi ya maneno yake hata mimi siwezi kuyasikiliza mbele ya mamangu. Lakini ilikuwa yao.

Mtoto wa Mbagala

Dada Binti Kisauni, umenipata kwenye orodha. Nakubali bila kuzunguka. Kuhusu Siti sina jibu, nimekaa nalo tangu jana usiku.

Ila kwenye redio bado sijahama, na kaka wa Jozi naomba unisikilize. Singeli imeshapita njia yako yote ya barabarani. Ina miaka karibu 20 Manzese, Tandale na Mburahati. Daladala zinaijua, vigodoro vinaijua, Msaga Sumu anaitwa mfalme wake na mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Haikukosa barabara. Na waliokuja kuichukua kwa heshima ni lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, mwaka 2017, walipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Baada ya hapo vijana wale wakaitwa kwenye majukwaa ya Ulaya, wazungu wanaruka mpaka viatu vinavuka, na huku nyumbani mtu bado anaambiwa ule ni uhuni wa uswahilini. Hilo neno uhuni ndilo linaloniuma. Mtaa mzima unaambiwa sauti yake haifai kusikika mchana. Barabara haiwezi kukuondolea neno hilo. Redio inaweza, kwa sababu ni redio iliyolipandikiza.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu: isiwe orodha. Ziwe saa za mchana, kila siku, za nyimbo ambazo haziko kwenye mzunguko wa kila kituo. Uwe wa singeli, uwe wa bango, uwe wa kitu ambacho bado hakina jina.

Na mzee wangu, shikamoo, la mshahara naliweka mezani. Sijui pa kulianzia ila halitoki.

Mama Wawili

Mimi si mtu wa hoja. Nimesoma yote na nimegundua kwamba simu yangu ina nyimbo za watu wanane, wote wa piano. Nitajieni basi wengine. Siyo wa zamani, walio hai.

Niko Jozi

Mama Wawili, anza na Msafiri Zawose, mtoto wa marehemu Hukwe Zawose, tafuta albamu "Uhamiaji". Ni ilimba na zeze lakini imekaa kisasa, isikilize usiku umezima taa. Jagwa Music wa mchiriku, vinanda vidogo vya Casio vinapiga kelele na ngoma chini yake; utaelewa singeli imetoka tumbo gani. Siti and the Band wa Zanzibar. Zuchu unaye bila shaka, lakini msikilize kwenye "Mauzauza" akiwa na mama yake, Khadija Kopa, usikie taarab ikimwita mtoto nyumbani.

Ukitoka nje: Sona Jobarteh wa Gambia, mwanamke anayepiga kora (ala ya nyuzi) katika ukoo ambao kora iliachiwa wanaume. Fulu Miziki wa Kinshasa, vyombo vyao vyote wameviunda kwa takataka. Na Mdou Moctar wa Niger, gitaa la Watuareg, anapiga kwa mkono wa kushoto. Nyimbo zake za mwanzo zilisambaa jangwani kwa kadi za memori za simu, watu wakirushiana kwa bluetooth. Nalisema hili na Mtoto wa Mbagala asikie.

Mpenda Piano

Nimesikiliza "Uhamiaji" nusu. Nitaimaliza. Bado naamini msanii ana haki ya kufuata soko, na hakuna kanuni inayoweza kumlisha. Lakini mzee kaniambia ukweli kuhusu nyimbo kumi zinazofanana. Nimejaribu jana na orodha yangu mwenyewe. Nilikosea wasanii wanne.

Wa Kipindi cha Mchana

Nafanya kazi redioni, kituo sikitaji. Niwaeleze jinsi inavyokuwa. Orodha ya nyimbo inakuja Jumatatu asubuhi, imeshapangwa. Mtangazaji ana nafasi ya nyimbo mbili tatu za kuchagua mwenyewe, basi. Singeli inakataliwa kwa mambo matatu ninayoyasikia vikaoni. Watoa matangazo wanadhani msikilizaji wake hana hela. Maneno mengine yanaogopwa, kituo kikipigwa faini nani analipa. La tatu ni la kwenu: faili linaletwa limepitia WhatsApp mara tano, likiingia hewani linakwaruza, fundi mitambo analitoa kabla mimi sijafungua mdomo.

Saa za lazima sizitaki, Mtoto wa Mbagala. Zikiwekwa, uongozi utazijaza na nyimbo za zamani za bure na kukuambia umepata ulichotaka. Lakini huyo kijana wa 220, kama prodyuza bado ana ule wimbo wa kwanza kabla haujashushwa, mwambieni aulete kwenye flashi, faili zima, pamoja na ubeti wa mama na kikoba. Nafasi zangu mbili za Ijumaa saa nane mchana bado ziko wazi.

Mtoto wa Mbagala

Nampigia prodyuza sasa hivi.