Mauser ya kuwindia ya Oberndorf: ina thamani kweli au ni uzee tu?

MrithiWaMjomba

Wakuu habari zenu. Mjomba wangu ameniachia bunduki ya kuwindia, ile ya kukoki kwa mkono, leseni na vibali vyote vimeshakaa kwa jina langu kwa hiyo huko niko salama, tatizo sielewi nimeshika nini. Juu ya chuma, pale risasi zinapoingilia, imeandikwa Waffenfabrik Mauser Oberndorf a/N. Ubao umefunika mtutu mpaka mdomoni na mwisho pale kuna kikofia cha chuma, mkono wa kukokia ni bapa, triga ziko mbili. Kitako kina mikwaruzo na rangi ya chuma imefifia, hasa pale chini mtu anapoishika akiibeba pameshakuwa kijivu kabisa. Kuna jamaa ameiona anataka kuinunua fasta fasta, na kuna fundi ananiambia tupige msasa ubao, tupake vanishi, chuma kipakwe rangi upya ndo itapata bei ya maana. Naomba kujua, hizi bunduki za zamani zilizoagizwa kutoka Ulaya kuna watu wanazikusanya kweli? Na hiyo kazi ya fundi niifanye kabla sijauza au niache?

ChumaHakisemiUongo

Mkuu msimamishe huyo fundi leo hii hii, usingoje kesho. Ukiisafisha kwa msasa unakula thamani yake kwa mikono yako mwenyewe. Mkusanyaji halipii kung'aa, analipia rangi ile ile iliyotoka kiwandani na ubao ule ule uliokatwa na yule aliyeutengeneza, na hivyo vikishatoka havirudi tena hata ukimtafuta fundi bora duniani. Na usidhani hawatajua. Mtu anayezijua anaangalia herufi kwanza, herufi za asili zina kingo kali, ukipitisha ukucha zinakwaruza, zilizosuguliwa zinakuwa laini kama zimeyeyuka. Halafu anaangalia matundu ya skrubu, chuma kikisuguliwa kwa mashine tundu linabonyea pembeni linakuwa kama kisahani. Halafu anapitisha kidole pale ubao unapokutana na chuma, kiwandani ubao uliachwa umezidi chuma kidogo sana, sasa ukipigwa msasa unashuka chini ya chuma na kidole kinakwama kwenye ukingo, hapo hapo anajua na bei anaishusha. Huo ukijivu wa pale chini ni alama ya kubebwa miaka mingi, hauna ubaya wowote. Wewe futa kwa kitambaa laini na mafuta mepesi ya bunduki, basi. Na usiguse skrubu kama huna bisibisi yenye ncha inayojaa sawasawa kwenye mfereji, skrubu za Oberndorf zina mfereji mwembamba, bisibisi ya kawaida inazitafuna na kichwa cha skrubu kilichotafunwa nacho kinapunguza bei.

MzeeWaKaliba

Mwanangu hongera na pole kwa mjomba. Kwa maelezo yako hiyo inaonekana ni ile wapenzi wa Mauser wanaiita Type M, ubao mpaka mdomoni na kikofia cha chuma. Ile iliyotoka kwa wingi ni Type B yenye ubao nusu, kwa hiyo ya kwako tayari iko upande mzuri. Hizo triga mbili ni za kutega, unavuta ya nyuma inajitega, halafu ya mbele inafyatuka kwa kuguswa tu, usichezee ikiwa na risasi.

Jina nalo lina habari yake, maana yake ni kiwanda cha silaha cha Mauser, mji wa Oberndorf kando ya mto Neckar, Ujerumani. Kampuni ilibadili jina mwaka 1922 ikawa Mauser-Werke, kwa hiyo Waffenfabrik kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Moyo wake ni ule mtambo wa 1898 (mtambo ni ile sehemu ya chuma inayoingiza risasi na kuifyatua), kucha ndefu upande wa kulia inaishika risasi mara tu inapotoka kwenye magazini na haiiachii mpaka ganda lirushwe nje, na ndo maana watengenezaji wakubwa wa Uingereza kina Rigby walikuwa wanachukua mitambo kutoka Oberndorf na kujenga bunduki zao juu yake. Yule Bell aliyewinda tembo huko Karamoja, Uganda, alitumia sana Rigby ya .275, ambayo ni 7x57 ya Mauser (kipenyo cha risasi na urefu wa ganda kwa milimita) iliyopewa jina la Kiingereza. Baada ya vita ya pili Wafaransa walikibomoa kile kiwanda, zilizopo ndo hizo hizo, na kila inayopigwa msasa inapunguza idadi ya zile nzima.

Sasa la muhimu kuliko bei. Kaliba yake, yaani saizi ya risasi inayopiga, ni ipi? Kama ni 8x57 usiweke risasi yoyote kabla hujapima mtutu. Kuna za aina mbili, ya zamani ya I (wengine wanaandika J) ambayo kichwa cha risasi kina kipenyo cha inchi 0.318, na ya IS ambayo ni 0.323. Jeshi la Ujerumani lilihamia kwenye hiyo nene mwaka 1905 lakini bunduki za kuwindia ziliendelea kutengenezwa kwa ile nyembamba miaka mingi tu. Maganda yanafanana, IS mara nyingi inaingia kwenye chemba ya I (pale ganda linapokaa), halafu ukifyatua presha inapanda vibaya sana. Fundi anayejua anasukuma kipande cha risasi laini ya madini ya risasi kutoka upande mmoja wa mtutu mpaka wa pili, anapima kwa mikromita, anakuambia. Hakuna njia ya kukisia hapo.

BintiWaMsituni

Naunga mkono walionitangulia ila niongeze kitu maana watu wakisoma huu uzi wataenda kutoa kila mkuki darini wakidhani ni hazina. Sio kila boliti (bunduki ya kukoki kwa mkono) ya zamani kutoka Ulaya inakusanywa. Zile za kijeshi zilizokatwa ubao na kufupishwa mtutu ziwe za kuwindia, thamani yake mara nyingi iko chini ya ile ya kijeshi ikiwa nzima na chini ya ile iliyozaliwa ya kuwindia, imekosa kote kote. Inapiga vizuri, lakini mkusanyaji anapita.

Zinazotafutwa kwa moyo ni kama Mannlicher-Schoenauer za Austria, hasa ya 1903 ya 6.5x54 yenye magazini ya kuzunguka ndani, ile ukiikoki inateleza hadi unajiuliza kama umekoki. Shida yake mkono wa boliti unapita katikati ya daraja la nyuma (kile chuma cha nyuma ya mtambo kinachovuka juu ya boliti), kufunga darubini ni kazi, kwa hiyo nyingi zimetobolewa ubavuni na kila tundu limeondoka na pesa. Brno za Chekoslovakia 21 na 22 zinapendwa mno, na zile ZKK za mwanzo zenye kitundu cha kulengea kinachoinuka kutoka kwenye daraja la nyuma, nikiikuta kizima nafurahi kweli. Sako za Finland, Vixen, Forester na Finnbear, mtambo wa saizi tatu kwa risasi za urefu tofauti, hizo wanazipigania wawindaji zaidi kuliko wakusanyaji kwa sababu bado zinafanya kazi kila siku.

Na jihadharini na Browning zilizotengenezwa na FN Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1960 kuingia ya 1970, kuna mbao zilikaushwa kwa chumvi na hiyo chumvi inakula chuma kutokea ndani, huku nje inametameta. Unafungua skrubu za bamba la kitakoni, zikitoka na kutu wakati sehemu nyingine zote ni safi, ondoka.

MrithiWaMjomba

Asanteni sana wakuu, fundi nimeshamwambia basi. Mzee wangu, pembeni ya chemba nimeona vitaji vidogo vyenye herufi B, U na G chini yake. Kaliba imeandikwa 8x57 tu, hakuna I wala S. Na juu kuna matundu mawili madogo yamezibwa na skrubu, hayo ni ya kiwandani?

ChumaHakisemiUongo

Hizo taji ni mihuri ya majaribio ya Ujerumani ya enzi zile, serikali ilikuwa inafyatua bunduki kwa risasi zenye nguvu kuliko za kawaida kabla haijauzwa, na G ni kwamba mtutu una mifereji ndani. Zikiwepo kwenye mtutu na kwenye mtambo na serial namba zikafanana mpaka kwenye boliti, una bunduki ambayo haijachanganywa vipande. Boliti ya namba nyingine inashusha thamani na inabidi chemba ikaguliwe upya kabla ya kupiga.

Matundu ya juu hapana, mtu ametoboa baadaye afunge darubini. Darubini za Kijerumani za zamani zilifungwa kwa miguu ya kucha inayoingia kwenye viti vilivyochongwa, na vile viti vikiwa vya kazi nzuri vinaongeza thamani badala ya kupunguza. Yako itashuka kidogo, lakini usiyajaze kwa kulehemu. Moto wa kulehemu kwenye mtambo ule unaharibu ugumu wa chuma na hapo ndo unakuwa na kitu cha ukutani.

MzeeWaKaliba

Kwa hiyo mwanangu peleka ikapimwe, na yule mwenye haraka angoje. Piga picha za mihuri, namba zote, na mdomo wa mtutu. Tafuta kwenye makaratasi ya mjomba risiti ya kununulia au barua yoyote, mkusanyaji anaongeza pesa kwa karatasi inayotaja namba ile ile iliyo kwenye chuma.

MrithiWaMjomba

Nimerudi. Imepimwa, imetoka 0.318 na unywele hivi, kwa hiyo ni I. Namba za boliti na mtambo zinafanana. Na kwenye makaratasi nimepata leseni ya kwanza ya mjomba ikiwa na namba hiyo hiyo.

MzeeWaKaliba

Safi sana. Funga kikaratasi kwenye triga kiandikwe 8x57 I, 0.318 tu, na popote itakapoenda kiende nayo. Zile IS kama mjomba aliziacha ndani zitoe zikae mbali na hiyo bunduki. Bei usiitaje wewe kwanza, tafuta wanunuzi wawili wanaokusanya Mauser, kila mmoja aione kwa wakati wake.

BintiWaMsituni

Na kama huna shida ya pesa kaka usiuze. Tuwekee picha ya ile kofia ya mdomoni tafadhali.