Tempo si kontroli ya haraka! Acheni kuwaharibia wanaoanza

Salaam aleikum wadau. Wiki mbili nimekaa na hasira hizi, leo nazitoa.

Uzi huu ni wa nyinyi wakongwe mnaokaa meza ya dirishani kila Jumamosi huko Mji wa Kale. Kila mgeni wa Magic, huu mchezo wetu wa kadi, mwampokea kwa ushauri ule ule: chukua buluu, jaza vizuizi (kadi za kuzuia anachocheza mpinzani), changanya tempo (kushusha kiumbe mapema apige huku ukimchelewesha mpinzani) na kontroli (kuzuia na kufagia meza mpaka ushinde mwishoni), hapo uko salama pande zote. Wallahi hakuna usalama hapo. Ni deki, yaani fungu la kadi, isiyojua ishinde saa ngapi.

Mpwa wangu ana miaka 17. Alidunduliza miezi minne, pesa za kusaidia dukani na za Idi, akaagiza kadi kwa jamaa anayetoka Dubai. Orodha mlimwandikia nyinyi kwa mkono wenu, nyuma ya risiti, na risiti ninayo hapa. Ardhi 26, yaani kadi zitoazo mana ya kulipia kadi nyingine. Viumbe 12, wanne wao Delver of Secrets. Zilizobaki 22 ni uchawi, ndani yake Daze 4, Remand 4 na Wrath of God 3. Aliyeandika hivi alifikiria nini?

Delver ni kiumbe wa mana moja tu, 1/1 (apiga 1, na pigo la 1 lamuua), na thamani yake yote ni kugeuka. Mwanzo wa zamu watazama kadi ya juu ya deki. Ikiwa ni uchawi, si ardhi wala kiumbe, waionyesha, naye ageuka kuwa 3/2 anayeruka. Kwa kadi 22 kati ya 60, hiyo ni kama zamu moja kati ya tatu. Nilisimama nyuma ya kijana nikaona kwa macho yangu: ardhi. Zamu ya pili, ardhi. Ya tatu, kiumbe. Ile 1/1 imekaa mezani kama kifaranga, na mwenzake ajenga bila wasiwasi.

Ilipogeuka hatimaye, ikaanza kula uhai wa mpinzani mpaka ukafika 9. Mpinzani akashusha viumbe watatu. Kijana alikuwa na ardhi nne na kadi moja mkononi: Wrath of God. Mwajua ifanyavyo. Yaua viumbe wote, na wako pia. Akiicheza, amemuua Delver wake aliyekuwa akimshindia mchezo. Asipoicheza, afa yeye. Alikaa akiikunja ncha ya kadi kwa kidole gumba, akanitazama. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Tena Daze! Hii ndiyo iliyonichoma zaidi. Daze ni kizuizi, waicheza bure kwa kurudisha Island yako (ardhi ya buluu) mkononi, na mpinzani akilipa mana moja tu, kadi yake imepita. Ni kadi ya zamu za mwanzo, mtu anapotumia kila mana aliyo nayo. Mtu wa kontroli ataka mchezo mrefu na ardhi mezani kila zamu. Mwamwambia airudishe ardhi mkononi? Na mchezo ukishafika huko mbali, nani atakosa mana moja ya ziada?

Remand nayo haiui kitu. Yamrudishia mtu mkononi kadi anayoicheza, nawe wavuta moja. Ametumia mana nne, wewe mbili, zamu yake imepotea. Kama una kiumbe anayepiga 3 kila zamu, uhai 20 waisha kwa mapigo saba, na zamu hiyo uliyomnyang'anya ni pigo zima umelipata. Kama huna mtu mezani, umeahirisha tu: kesho kadi ile ile yarudi.

Hata wazee wa bao pale barazani wajua kunamua, hatua ya kwanza, kuna kanuni zake, na mtaji, hatua ya pili, una zake. Hawamfundishi mtoto zote mbili kwa mkono mmoja.

Sisemi kontroli ni mbaya. Mimi mwenyewe ndiyo niichezayo, ardhi 26, viumbe wawili tu wa kumalizia, na Wrath yangu haimuumizi mtu wangu kwa sababu sina mtu mezani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi iliyopita kijana hakuja. Sanduku la kadi liko juu ya kabati la mamake, limefungwa kwa mpira. Nimempangia upya: ardhi 19, Wrath zote nje, Lightning Bolt nne, uchawi wa mana moja unaoumiza 3, ndani, na uchawi uongezeke hadi 30 ili Delver apate nusu kwa nusu ya kugeuka. Mwenye Bolt nne nampa Wrath tatu, hazijachubuka hata moja.

Na aliyeandika ile risiti, namwomba aje nyumbani amwambie kijana kwa mdomo wake kwamba orodha ndiyo iliyokuwa mbovu, si yeye.