Asilimia 10 yetu ya mrabaha wa madini iko wapi?

Wanajukwaa, nimenyamaza vya kutosha. Mimi ni mtu wa Likoni lakini asili yangu ni Kwale, upande wa Nguluku, kulekule kulikochimbwa titani. Tangu mgodi uanze mwaka 2013 mpaka ukafungwa Desemba 2024, malori yalipita barabara yetu yakishusha mchanga mweusi wa ilmenaiti, ndiyo yenye titani, hapa Likoni, meli inapakia, inaondoka. Tumeyavuta mavumbi yake. Wenyewe waliotolewa kwenye ardhi hiyo wamepata nini?

Msiniambie hakuna sheria. Katiba ya Kenya kifungu cha 62 inasema madini yote ni ardhi ya umma na serikali kuu imewekewa amana tu kwa niaba ya wananchi. Amana, jamani! Kisha Sheria ya Madini ya 2016 ikagawa mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini anayochukua, waziwazi: 70 kwa mia serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale panapochimbwa. Na jamii imeelezwa kuwa ni pamoja na wale wanaohamishwa kupisha mgodi. Kabla ya hapo tuliendeshwa na sheria ya mkoloni ya 1940, kwa hivyo watu walishangilia. Kumbe hiyo 10 imeandikwa tu, njia ya kufikia mikono ya mwananchi haikuwekwa. Itaingia akaunti ipi? Nani atatia sahihi? Miaka ikapita, shimo linazidi kupanuka, sisi tunaambiwa kanuni bado zinatayarishwa. Ile 70 haikungoja kanuni hata siku moja!

Mjomba wangu ni mmoja wa waliohamishwa. Minazi yake ilihesabiwa mmoja baada ya mwingine, mikorosho pia, karatasi zote anazo ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimpeleka ofisi moja ya serikali hapa Mombasa kuuliza tu habari za mgao wa jamii. Kijana wa mezani hakuzifungua zile karatasi. "Mzee, hayo mambo yako Nairobi." Mjomba akamuuliza, "Mwanangu, Nairobi kwa nani?" Hakujibiwa. Mzee wa umri ule anasimamishwa dirishani kama mwombaji, na anachouliza ni haki iliyomo kwenye sheria!

Wanaosema mgao wa namna hii hauwezekani waangalie Marekani. Sheria yao ya kukodisha madini ya ardhi ya umma ni ya tangu 1920. Takriban nusu ya mapato hurudi kwenye jimbo madini yalikochimbwa, Alaska hupewa 90 kwa mia, sehemu kubwa ya yanayobaki huenda kwenye mfuko wa miradi ya maji ya majimbo ya magharibi. Majimbo hulipwa kila mwezi, na hesabu zinawekwa kwenye mtandao, mtu yeyote azisome. Hata kule watu hugombana juu ya matumizi, lakini angalau wanajua wanagombania shilingi ngapi. Sisi hata cha kugombania hatukijui.

Na msidhani yamekwisha kwa sababu mgodi umefungwa. Kilima cha Mrima, hapo hapo Kwale, ndicho hicho kinatolewa macho sasa, kwa madini ya niobiamu na madini adimu. Ule ni msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, wazee wetu wanaomba pale. Watakuja tena na mikutano ya hadhara na ahadi za maji na shule. Mimi nasema hakuna kijiko cha udongo kutoka Mrima kabla hesabu ya Nguluku haijabandikwa ukutani kwa chifu: kiasi kilichokusanywa kila mwaka, kilichokwenda kaunti, kilichokuwa cha jamii na kilipo leo.

Waheshimiwa wa Pwani mnaosoma humu, mnakuja matangani kwetu mkitaja mgodi kwenye hotuba. Mmewahi kuiuliza hesabu hiyo bungeni? Aliyeuliza aweke hapa kumbukumbu za kikao. Na yeyote mwenye barua ya wizara inayotaja mgao wa jamii wa Kwale, hata ukurasa mmoja, aipige picha aitume kwenye uzi huu, akifunika majina ya watu.