Naomba ushauri: kufuatilia utumishi wa babu KAR

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), akapigana Burma 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kilichobaki ni nishani ya Burma Star na cheti cha kuachishwa jeshi. Mchwa wamekula jina la batalioni na tarakimu mbili za namba yake. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haikunifaa, ile ni ya waliokufa na mzee alirudi salama. Shajara za vita zilizoko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, fungu la WO 172, nazo husimulia zaidi mienendo ya vikosi, askari wa kawaida hatajwi sana.

Je, faili binafsi za askari wa KAR naanzia kuzitafuta wapi? Na kwa namba pungufu, batalioni yake nitaijuaje?