Karabai kauawa na mawese. MAWESE, jamani!

Wakuu, sijalala. Ni saa tisa usiku, Mwanga yote hapa Kigoma kimya, anayenielewa ni mbwa wa jirani peke yake.

Mnamjua. Sitaji mtu. Yule yule wa kuanza kila ujumbe na "kwa heshima zote". Jana ilikuwa zamu yake kuandika sehemu ya 32 ya hadithi yetu ya mashujaa. Sehemu 31 tumepokezana vizuri, miezi kumi na minne, Spider-Man kafika Kigoma, Batman kapanga chumba Gungu, na kila mtu kaleta mhusika wake wa kujitungia. Wangu ni Karabai. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, mtumbwi ukapinduka usiku, akatoka majini viganja vinawaka. Udhaifu wake ni mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa na wavuvi wanalala nyumbani. Hilo la mwezi nimeliwaza wiki mbili!

Sasa someni alichoandika. Sijagusa hata koma:

"Karabai akateleza kwenye mawese yaliyomwagika barabara ya Ujiji. Akafa. Spider-Man akasema pole."

Akafa. Nukta.

Mtu aliyezama mpaka chini kabisa ya Tanganyika, mita 1,470, akaibuka na Spider-Man begani kama gunia la mihogo, leo anauawa na mawese? Hata adui hakuwekwa! Hata dumu hatukuambiwa ni la nani! Na huyo Spider-Man naye, "pole"! Pole anapewa mtu aliyejikwaa kidole!

Liemba ilizamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini. Meli ya chuma imekaa majini miaka minane ikasamehewa, Karabai wangu hakuachiwa hata nafasi ya kukohoa.

Nilipomuuliza, kanijibu, kwa heshima zote, eti wahusika wa kujitungia si "wahusika halisi". Kwani Batman ana kitambulisho cha NIDA? Harley Quinn mnayempenda hakuanzia kwenye vitabu vya Batman, alibuniwa kwa ajili ya katuni ya televisheni mwaka 1992, vitabu ndivyo vilivyomfuata. Na yule Malkia wa Katonga aliyemtunga huyo huyo wa heshima zote, macho yanabadilika rangi, Batman na Spider-Man wamempelekea posa wiki moja, yeye ndiye halisi? Mbona yeye hatelezi?

Akateleza. Akafa. Hata kanga ya kumfunika hakuna.

mgebuka_mkavu: Chai imenipalia. "Spider-Man akasema pole." Mkuu, hiyo ndiyo sentensi bora ya sehemu zote 32.

mwisho_wa_reli: Shujaa anayeogopa mbalamwezi si shujaa, ni mwizi wa kuku.

Mleta uzi: Umesoma hapo kwenye dagaa lakini??

mwisho_wa_reli: Nimesoma. Kuku.

binti_ujiji: Ugonjwa wenu nyote wawili una jina, Mary Sue. Mmarekani Paula Smith aliwacheka watu kama nyie tangu 1973, kwenye kihadithi cha mashabiki wa Star Trek. Mary Sue wake ni luteni mdogo kuliko wote, miaka kumi na tano na nusu, hakuna asichokiweza. Haya, kaka, Karabai ana miaka mingapi?

Mleta uzi: Kumi na sita. Lakini amekomaa.

mgebuka_mkavu: Pole.

asali_ya_tabora: Nyie mnalilia kuteleza. Sisi Tabora kwa sehemu zote hizo tumetokea mara moja, Batman kanunua asali dirishani, treni imesimama. Dirishani! Hata kushuka hakushuka. Njia panda nzima ya reli, Mwanza huku, Kigoma huku, mmetufanya kibanda cha asali. Na chupa hakulipia, rudini mkasome.

mwisho_wa_reli: Alilipa.

asali_ya_tabora: Treni iliondoka ameshika pochi. Ameshika! Halafu mhusika wangu Mama Mwembe mlimwacha stesheni sehemu ya 9, mpaka leo kakalia mzigo wake pale. Bora huyo Karabai, amekufa akapumzika.

Mleta uzi: Samahani, uzi huu ni wa Karabai.

boda_wa_gungu: Mimi swali langu dogo tu. Dumu lilikuwa la nani? Mawese yalivyopanda bei, kuna mtu wa kuyamwaga akaendelea na safari?

binti_ujiji: Hakuna. Shangazi yangu anakamua, tone likidondoka chini nyumba nzima hamlali.

boda_wa_gungu: Kumbe shangazi anakamua? Anauza rejareja?

asali_ya_tabora: Na mimi niwekee, nitampa mtu wa treni.

Mleta uzi: Jamani. Karabai.

binti_ujiji: Yapo, mekundu, ya jana. Njoo na dumu lenye kifuniko.