Mrejesho: magneto moja, elektroniki moja

Wakuu habari, mimi ndo yule wa Kisongo, Arusha niliyeuliza kama tung'oe magneto zote mbili (vile vifaa vinavyozipa plagi cheche) kwenye injini ya ndege ya bosi, Lycoming O-320, tuweke mfumo wa cheche wa elektroniki, au tubakize moja. Tumebakiza moja bwana. Fundi mzee aliniuliza tu, "alteneta ikifa na betri ikaisha ukiwa juu ya Monduli, plagi zitachoma kwa umeme gani?" nikanyamaza, maana magneto inajitengenezea umeme wake, haina habari na betri.

Kilichonitisha ni ile tesiti ya chini kabla ya kuruka, ukizima magneto mizunguko ya injini inashuka kidogo saaana, ukizima elektroniki inaporomoka, nikajua tayari tumeua injini ya watu. Kumbe ndo kawaida yake! Magneto yetu imefungwa digrii 25 kabla ya pistoni kufika juu, haibadiliki, ila hiyo nyingine inawahisha cheche zaidi presha ikipungua kwenye manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), na huku kwetu futi 4,500 na ushee juu ya bahari hewa yenyewe nyepesi, ndo maana ukiizima hiyo unaona tofauti kubwa.

Asubuhi na baridi hii ya Julai inawaka mara moja. Aliyesema tuhamishe nyaya mbali na redio, asante, kelele zimeisha.